Bangi Katika Nyumba Yangu

Mwezi uliopita mama mmoja, mke wa mwalimu, alinisimamisha baada ya ibada, akaniuliza, "Baba, je, bangi ni dhambi au ni ugonjwa?" Nalimjibu upesi, kama sisi wazee wa kanisa tujibuvyo tunapotaka kwenda nyumbani kula, naye akaitikia kwa adabu akaenda zake. Lakini njiani nalijua ya kuwa sikumjibu neno. Yule mama hakuuliza kwa ajili ya elimu. Aliuliza kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Basi nimeona vema nimjibu hapa, nanyi mkisikia, kwa kuyasimulia mambo yaliyotukia nyumbani mwangu, ambayo naliyaficha muda wa miaka miwili.

Mimi nalizaliwa katika vilima vya Uhehe. Babu yangu, baba wa mama, alikuwa na kiko cha kale, yaani kibuyu chenye maji nusu, na digali limesimama juu yake, na bori la udongo juu ya digali. Jioni, tukiwa tumelala karibu na moto, tulisikia malio ya kiko, maji yakigugumia kama mtu anenaye usingizini. Siku nyingi alivuta tumbaku. Siku nyingine alivuta kitu kingine, nasi watoto tuliijua tofauti kwa harufu, tena kwa kikohozi, maana kikohozi cha bangi ni kirefu, humfanya mzee ashike magoti. Nyuma ya jiko bibi alikuwa na mbangi mmoja ulioota kama mti wowote wa uani. Ulipokuja ugonjwa wa kideri aliyatwanga majani yake, akayatia katika maji ya kuku. Kuku walikufa vilevile.

Wala hapana mtu aliyemwita babu mhalifu. Watu walisema tu ya kuwa jembe lake ni fupi, maana yake hakulima sana, na watoto wake walikula kwa nguvu za bibi. Hiyo ndiyo hukumu niliyoisikia utotoni juu ya bangi, nami hata leo naiona kuwa hukumu ya haki.

Mmea huu si wa asili yetu. Hata jina lake limetoka Bara Hindi, likaja pwani pamoja na wafanya biashara wa bahari, kisha likapanda bara kwa miguu ya wapagazi. Huko Kasai, katika nchi ya Kongo, palikuwa na watu wa Kalamba Mukenge, ambao Wajerumani Pogge na Wissmann walifika kwao mwaka 1881. Watu hao walikuwa wamefanya bangi kuwa kama dini yao, wakajiita wana wa bangi. Waliacha pombe ya mitende, na silaha walikatazana kuingia nazo kijijini. Tena mtu akikosa, adhabu yake ilikuwa kuvutishwa bangi mpaka aanguke hana fahamu. Huyo Wissmann ndiye aliyekuja kuwa gavana wetu Dar es Salaam mwaka 1895. Mimi hucheka peke yangu nikikumbuka habari hii, kwamba kule mkosaji alivutishwa, na kwetu mvutaji amekuwa mkosaji.

Maana kwetu sheria ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1925 mataifa yalikutana Geneva juu ya afyuni, na mjumbe wa Misri akashikilia sana kwamba bangi nayo iingizwe katika mapatano, ikaingizwa. Waingereza waliokuwa wakitawala Tanganyika walikataza kilimo chake, na amri zao zilikaa vitabuni mpaka Bunge letu lilipotunga sheria mpya ya dawa za kulevya, Namba 9 ya mwaka 1995. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2015, nayo ikakazwa mwaka 2017. Katika sheria hii mlimaji wa bangi hupata kifungo cha miaka 30, na asafirishaye mzigo mkubwa hufungwa maisha. Mwenye shamba ajuaye na kuruhusu, naye amo. Avutaye ana adhabu yake pia, iliyo ndogo kuliko ya mlimaji. Nawaomba mwishike hesabu hii ya miaka 30, kwa kuwa ndiyo iliyonifunga mimi ulimi, ingawa sikupanda hata mbegu moja.

Mwaka 2018 nalikuwa nikifundisha Mbeya. Umbu langu, mjane wa huko Iringa, alimtuma kwangu mwanawe wa kwanza ili asome sekondari, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa karibu na shule. Alikuwa kijana mpole, mwenye mwandiko mzuri, aliyejua kuimba sauti ya tatu. Mwaka ule ule alianza kuchelewa kurudi. Alikaa na vijana wapakuao magari ya mizigo pale njia kuu inapogawanyika Uyole, moja ikienda Tukuyu na Kyela. Macho yake yalikuwa mekundu, naye alisema ni vumbi. Kisha mke wangu, alipokuwa akifua, akatoa msokoto mmoja katika mfuko wa koti lake, akauweka mezani mbele yangu bila neno.

Nikamwita kijana. Nalikuwa nimeandaa maneno makali, maana mimi ni mwalimu, na maneno makali hayanipungukii. Nikamwuliza, "Umeipata wapi?" Nalitazamia ataje rafiki zake wa Uyole. Akainamisha kichwa, akasema, "Ni ya nyumbani, Mjomba."

Nikamwambia aeleze. Akaeleza ya kuwa mama yake hupanda mibangi michache katikati ya mahindi, mbali na njia, na kwamba yeye alipokwenda likizo alichukua konzi moja. Nikanyamaza. Maneno yote niliyoyaandaa yalitoweka, kwa kuwa mara ile naliona mahakama, na umbu langu amesimama kizimbani katika kitenge chake cha kanisani. Kitongoji cha pili kutoka kwake palikuwa na mtu aliyehukumiwa miaka 30 kwa kosa hilo hilo. Mkewe aliuza mabati ya nyumba, na watoto wakaacha shule wakaenda kufanya kazi za ndani mjini. Basi nikautia ule msokoto motoni, nikamwambia kijana, "Usirudie, wala usimwambie mtu." Neno la kwanza lilikuwa zuri. La pili ndilo lililotuharibia.

Kwa kuwa alirudia, nami nalijua amerudia. Walimu wenzake na shule waliniuliza mbona amedhoofika katika masomo, nikasema ana malaria. Mchungaji aliniuliza mbona haonekani katika kwaya, nikasema anajiandaa kwa mtihani. Mimi niliyekuwa nikisimama mbele ya watoto na kuwafundisha kusema kweli, nalijenga ukuta wa uongo kuizunguka nyumba yangu, tofali baada ya tofali, na kila tofali nililiita upendo kwa umbu langu. Na kweli upendo ulikuwamo. Lakini aibu ilikuwamo pia, ya mzee wa kanisa, nayo ilijificha nyuma ya upendo.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 kijana aliacha kulala. Alisema redio inamtaja jina. Alichana madaftari yake, yale yenye mwandiko mzuri, akayabandika madirishani ili watu wasimtazame. Usiku mmoja wa mvua alitoka, nasi tukamkuta njia panda amelowa, akiyahutubia magari ya mizigo na kuyaamuru yatubu. Madereva walikuwa wakicheka na kupiga honi. Tukamchukua hospitali asubuhi.

Daktari alikuwa binti kijana, wa umri wa wanafunzi wangu. Akauliza, "Mzee, mabadiliko yalianza lini?" Nikajibu, "Majuma mawili." Mke wangu, ambaye katika miaka yote ya ndoa yetu hajapata kunikanusha mbele ya watu, akasema, "Miaka miwili, daktari." Nami sikupata la kusema.

Yule daktari hakutukemea. Alituuliza kama katika ukoo palikuwa na mtu aliyepotewa na akili, nikamkumbuka ndugu ya babu, aliyekuwa akizunguka vijijini na fimbo mbili. Akatueleza kwamba watu wengi huvuta bangi wasipatwe na maradhi haya, na wengine hupatwa nayo pasipo kuvuta. Lakini kwa kijana mwenye asili ya ugonjwa katika damu, anayeanza mapema na kuvuta sana, bangi ni kama kusukuma mlango ambao haukufungwa vizuri. Akatupa mfano wa Sweden, ambako waliwafuatia vijana 45,570 waliochukuliwa jeshini, na habari ikatolewa mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta kamwe. Nikamwuliza kama kuna dawa ya kumwondolea hamu, kama ile methadone wanayopewa wavuta heroini hapa hapa Mbeya. Akasema kwa bangi hakuna dawa ya namna hiyo. Kuna mazungumzo na uangalizi, na watu wa nyumbani wasiochoka, na kwa ugonjwa wa akili wenyewe kuna vidonge na sindano. Kisha akauliza, kwa upole tu, "Mbona hamkuja mapema?"

Mke wangu alinitazama mimi. Ningemjibuje? Kwamba nalihofu ya kuwa nikiutaja ugonjwa wa mtoto nitataja shamba la mama yake? Ndugu wasomaji, hospitali haikuniuliza bangi ilitoka shamba gani. Wala siku ile, wala baadaye. Hofu yangu ilinitangulia, ikanisemea maneno ambayo hakuna aliyeyauliza.

Mwezi wa Machi nikapanda basi kwenda Iringa. Umbu langu alinipokea kwa furaha, akachinja kuku, nami nikangoja mpaka watoto wamelala ndipo nikasema. Alilia sana kwa ajili ya mwanawe. Nilipomtaka ang'oe ile mibangi, akafuta machozi akawa mtu mwingine.

Akasema, "Kaka, wewe una mshahara. Mimi mahindi hunilipia mbolea ya mahindi, basi. Mwaka hata mwaka nalima ili nipate mbolea ya kulimia. Huyu mtu huja usiku na pikipiki, ananipa mbegu na fedha za mbele. Zile sare alizokuja nazo mwanangu kwako ulidhani zimetoka wapi?" Kisha akasema, "Tena Malawi wameruhusu. Madereva wanasema."

Nikamweleza kadiri nilivyojua. Ni kweli kwamba ng'ambo ya mto Songwe Bunge lao lilipitisha sheria mwezi wa Februari mwaka ule 2020, lakini ilikuwa kwa walimaji wenye leseni, wanaolima kwa ajili ya dawa na viwanda. Kuvuta kulibaki marufuku. Na mjane wa ekari mbili hana fedha za leseni huko wala huku. Tangu siku ile mambo yameendelea kubadilika duniani: mwezi wa Desemba 2020 wajumbe wa Umoja wa Mataifa, 27 dhidi ya 25, waliitoa bangi katika orodha ya dawa mbaya kupita zote, ingawa imebaki chini ya ulinzi. Afrika Kusini, ambako Mahakama ya Katiba iliwaruhusu watu wazima kuitumia faraghani mwaka 2018, imetunga sheria yake mwaka 2024. Kuna hata dawa iliyosafishwa kutoka mmea huu, wapewayo watoto wenye aina fulani za kifafa kikali, isiyolevya. Nayataja haya ili mwalimu aulizwapo na vijana asiseme uongo, maana vijana wanayasoma katika simu zao, na mwalimu akiisha kukutwa na uongo mmoja hawamsikilizi tena hata anenapo kweli.

Hayo yote hayakumpa umbu langu karo. Tulikaa kimya, moto ukififia. Hatimaye nikamwambia kuwa nitauza ng'ombe wangu wawili niliokuwa nimewaweka kwa rafiki, na kwamba watoto wake wawili waliobaki nitawasomesha mimi. Akauliza, "Na huyu mtu wa pikipiki, fedha zake za mbele?" Nikasema tutamrudishia. Naye akasema, "Basi twende sasa, kabla sijabadili moyo."

Tukaenda usiku, kwa mwezi. Naye alikuwa mbele, akiipata kila mibangi gizani kama mtu ajuaye watoto wake kwa sauti. Ilikuwa imenizidi kimo. Tukaing'oa, tukaikata kwa panga, tukaitupa katika shimo la choo cha kale na kuifukia, maana kuichoma kungeliamsha kijiji kizima kwa harufu. Mikono yangu ilinata utomvu siku mbili, nami nilipanda basi la kurudi nikiwa nimeificha mifukoni kama mwizi. Sheria ilinitaka niende kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sikwenda. Naandika haya leo kwa kuwa umbu langu alifariki mwaka 2022, na hati ya mahakama haimfikii aliko.

Mimi si miongoni mwa wale wasemao bangi iachwe huru, wala sitamshauri mtu yeyote avunje sheria ya nchi. Nimekwisha kuona itendavyo. Lakini hukumu ya miaka 30 juu ya mjane ni nzito kuliko kosa, na uzito wake hauishii kwake. Hufumba vinywa vya ndugu zake wote. Mtu wa pikipiki sijasikia kwamba amekamatwa. Na sisi wa nyanda za juu tunajua vema ulanzi na komoni zinavyozika watu wetu kila msimu wa mvua. Hapana afungwaye kwa kuvuna mwanzi wake, na kwa sababu hiyo mlevi wa ulanzi huletwa hospitali mchana, na mkewe analia hadharani, na majirani wanasaidia kumbeba.

Wala nisiitaje serikali peke yake. Mwaka ule nalirudi katika baraza la wazee, na shauri la kijana likaletwa. Mzee mmoja, mtu mwema, akasema, "Atengwe, azuiliwe Chakula cha Bwana mpaka atubu." Nikasimama nikauliza, mtu asiyejua kama ni usiku au mchana atatubuje. Kisha nikaona ya kuwa nimeanza kuwa hodari kwa ajili ya mwingine, nikasema yaliyonihusu mimi: ule msokoto, lile neno "usimwambie mtu", ile malaria ya uongo. Nikasema, kama ni kutenga, mtengeni aliyekuwa na akili timamu. Baraza likakaa kimya. Mchungaji akasema tuombe, tukaomba, akaliahirisha shauri. Mpaka leo halijarudi mezani. Lakini juma lile wazee wawili, mmoja akija asubuhi na mmoja usiku, walifika nyumbani kwangu kila mtu peke yake, wakakaa sana, na kila mmoja alikuwa na kijana wake wa kunisimulia.

Mpwa wangu yu hai, naye yuko kwangu. Hakurudi shule. Ana siku njema, na siku nyingine hukaa uani ameielekea ukuta, nasi tumejifunza kutomsemesha. Mara mbili alirudia bangi, na mara mbili tulilazwa naye, mara ya pili alikuja mwenyewe akamwambia mke wangu, "Shangazi, nimevuta, nipelekeni kabla sauti hazijaja." Anafuga kuku kumi na wanane. Ameanza tena kuimba sauti ya tatu, kwa sauti ndogo, wakati wa kuwalisha.

Huchomwa sindano mara moja kwa mwezi. Kliniki yake ni Alhamisi ya kwanza, nasi huondoka nyumbani saa moja asubuhi, yeye na mimi, tukapanda daladala pale mbele ya kanisa. Mama uliyeniuliza, Alhamisi hiyo tutakuwa kituoni mapema. Njoo na mwanao. Kama hataki kusema na wazee, atakaa karibu na mpwa wangu, naye hazungumzi mengi.